Mama Si Kivutio cha Watalii

Mjini, 4 Machi

Wifi yangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi wazima, ukiacha mafua yaliyomwingia mdogo wako, na akishikwa na mafua unamjua, utadhani anakata roho. Juzi alikwenda kutengeneza friji kwenye duka la nyama huku anapiga chafya, mwenye duka akamtoa nje na vifaa vyake. Binti yenu ameota meno mawili ya mbele na sasa anasoma kila bango linalopita, hata yale ambayo ningeomba asiyasome kwa sauti.

Najua utashangaa kupata barua. Tangu mwaka uanze nimekupigia simu mara tatu, na mara zote imekatika nikishasema "halo" tu. Nimejiambia labda ni mtandao wa huko kisiwani.

Shida yangu ni ya kazi. Unajua mimi ndiye naandika vijitabu vya kampuni ya safari. Msimu uliopita wageni walilalamika sana. Siku mbili za kwanza wanaogelea, ya tatu migongo imebabuka, ya nne mvua, halafu wanakaa kwenye baraza la hoteli wakitazamana. Meneja anataka kijitabu kipya: mambo ya kufanya kisiwani mbali na ufukwe. Nimepewa wiki nne. Hicho kisiwa hakuna anayekijua kama wewe. Miaka kumi na tisa unaingiza watu pangoni na kuwatoa wazima, na kabla ya hapo ulishafundisha jiografia nusu ya watu wa huko. Mimi, kama unavyojua, sijawahi kufika.

Nisaidie, wifi. Mambo kumi tu. Meneja ameniambia bila kumung'unya maneno: kijitabu kikiwa kibovu, kiti changu atakalia mtu mwingine.

Wako,
Wifi wa mjini

Kisiwani, 21 Machi

Bibi Kalamu,

Salamu zimefika na zimepokelewa. Mwambie mdogo wangu mafua hayajawahi kuua fundi friji. Mimi mzima. Goti la kushoto linalalamika nikipanda ngazi, nimelizoea. Paa la jikoni lilivuja, nikapanda mwenyewe kulitia kiraka. Jirani akapiga kelele kwamba mwanamke wa miaka hamsini na sita hapandi juu ya paa. Nikamuuliza, sasa huyu unayemwona huku juu ni nani?

Kuhusu simu, mtandao wetu ni mzuri sana. Nilikuwa nakata mimi. Barua haikatiki, kwa hiyo hapo umenishinda.

Unataka mambo kumi. Chukua.

1. Kupanda mnara wa taa. Ngazi mia moja arobaini na mbili. Mtunza taa huzihesabu kwa sauti, na mgeni akimchanganya anawashusha wote waanze upya.

2. Mashamba ya chumvi, asubuhi kabla jua halijachachamaa. Wavae viatu. Akija mtu na kidonda atajua mwenyewe.

3. Karakana ya kamba za makumbi. Wale mama wanne wanasokota na kusengenya kwa pamoja, na mgeni asiyejua lugha ndiye anayesengenywa zaidi. Awachekee tu.

4. Msitu wa popo. Kofia ni lazima, asiulize kwa nini.

5. Pango langu. Tunashuka mpaka kwenye maji, tunakaa, tunazima tochi zote dakika tano. Watu wazima hulia, watoto hucheka. Taa za rangi sitii humo hata kwa dawa. Mwambie meneja wako mapema, kabla hajaanza kuota.

6. Maktaba ya shule. Mchwa wamekula nusu ya kila kitabu, lakini mwalimu mkuu anaweza kukusimulia vilivyoishia.

7. Kumtembelea mama mmoja aliyelala juu ya kilima, nyuma ya tangi la maji. Alifua mashuka ya hospitali miaka thelathini na moja. Huu mwaka wa tatu amelala pale. Watu wote walikuja kumuaga, hata yule daktari aliyekuwa akimgombeza. Mmoja tu hajafika mpaka leo, naye ndiye ambaye mama huyo alikuwa akimwita kipenzi changu.

8. Kiwanda cha barafu, joto likizidi.

9. Mahakama, siku ya Jumatano, siku ya kesi za mbuzi. Mbuzi huletwa kama ushahidi na hawana nidhamu.

10. Kulala. Watu wa mjini hawajui.

Basi. Mbusu binti yetu kwenye hayo meno mapya.

Wifi yako

Mjini, 3 Aprili

Wifi yangu,

Hamjambo huko? Sisi hatujambo. Mafua yamehama kwa baba yamekuja kwangu. Goti lako likande maji ya moto, tafadhali, na achana na mapaa.

Orodha imefika siku moja tu kabla ya muda wangu kuisha. Nimecheka mpaka mbavu zikauma, hasa hao mbuzi. Imeshakwenda kwa mpiga chapa. Umeniokoa.

Nitaandika zaidi nikipata nafasi.

Wako,
Wifi wa mjini

Kisiwani, 30 Mei

Wifi,

Nakusalimu kwa sababu nilifundishwa adabu. Barua yako ya Aprili nimeipata jana. Boti ilikufa injini, wiki saba nzima hatukupata barua wala gazeti. Lakini wageni wenu wanakuja kwa ndege, kwa hiyo kijitabu chako kimefika kabla ya shukrani zako, tena mikononi mwao.

Nikueleze nilivyokiona. Jumanne nilipanda kilimani kupalilia kaburi la mama. Nikakuta watu kumi na mmoja. Mmoja amekalia ukingo wa kaburi anakula biskuti, makombo yanamdondokea mama kifuani. Wawili wanapigana picha, huyu anamwambia yule asogee, asogee, mpaka akakanyaga maua niliyopanda. Nikauliza kwa upole, mnafanya nini hapa? Wakanionyesha ukurasa. "Namba saba: Malkia Aliyelala. Zuru kaburi la kale la malkia wa vazi jeupe, kipenzi cha watu wake."

Malkia! Mama yetu! Mwanamke aliyekuwa akirudi na vidole vimechunika kwa sabuni ya hospitali, mmemvika taji! Mama ambaye akiona kamera alikuwa anajificha nyuma ya mlango. Picha yake tuliyonayo ni moja tu, ya kitambulisho, na humo amefumba macho.

Namba saba haikuwa ya wageni. Ilikuwa yako. Nilikuandikia wewe, mke wa mdogo wangu, kwa sababu hukuja kumzika na mpaka leo hujasema kwa nini. Wewe ukaichukua ukaiuza pamoja na popo na barafu.

Nataka iondolewe. Si kesho kutwa, sasa hivi.

Wifi yako

Mjini, 14 Juni

Wifi Kamanda,

Shikamoo, ingawa najua hutaiitikia. Sisi wazima wa mwili.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama jikoni, nikakaa chini sakafuni. Naomba unisikilize. Mpiga chapa alichukua karatasi yako yote kama ilivyo. Ile chumvi ya malkia na vazi jeupe wameitia watu wa matangazo, mimi sikuiona mpaka kimetoka. Nilimwendea meneja siku hiyohiyo. Amesema zimechapwa nakala elfu sita, na zaidi ya hapo namba saba ndiyo inayoulizwa kuliko zote. Eti watu wamechoka na majumba ya makumbusho, wanataka kitu chenye hisia. Amesema tutalitazama jambo hilo toleo la pili likitoka, mwezi wa Desemba.

Mdogo wako nilimwonyesha ukurasa. Aliusoma, akafunga kijitabu, akaenda kufungua friji yetu ambayo haina ubovu wowote. Aliifungua yote mpaka mota ikawa mezani. Iko hivyohivyo tangu siku hiyo, na maziwa yameharibika.

Nivumilie mpaka Desemba, wifi. Nakuomba.

Wifi wa mjini

Kisiwani, 2 Julai

Bibi Kalamu,

Marahaba. Mimi naitikia salamu hata za watu niliowakasirikia. Goti linaendelea vizuri, hasira ni dawa yake.

Desemba? Thubutu!

Nikueleze niliyoyafanya. Kwanza niliwapa fagio. Nikasema, anayetaka kumwona mama afagie kwanza, maana yeye alikuwa hapokei mgeni nyumba ikiwa chafu. Nilidhani watakimbia. Wifi, walipanga mstari! Wakafagia kilima kizima wakicheka, wakapiga picha za fagio, na wiki iliyofuata wakala wenu wa hapa akaleta watu thelathini, kila mmoja na fagio jipya la hotelini. Hapo nilikosea, nakubali. Sikujua kwamba kuna watu duniani wanasafiri mbali hivyo kutafuta kazi ya kufagia.

Basi nikabadilisha. Sasa kila siku saa nne asubuhi nakaa pale kilimani kwenye kiti changu cha shuleni, na kila kundi likifika nalisomesha. Nasema: huyu si malkia. Huyu ni mama yangu, alifua mashuka ya hospitali, alikuwa hodari wa matusi na mwoga wa jongoo, amekufa juzijuzi tu, na ninyi mmekanyaga maua yake. Kijitabu chenu kimedanganya. Njia ya kushuka ni ile. Wengi wanaona haya, wanavua kofia, wanaondoka. Mwanamke mmoja alinishika mikono akalia akasema na yeye ana mama, nikamsindikiza mpaka barabarani. Lakini kesho yake wanakuja wengine.

Wakala akapata habari. Juzi alinijia na barua ya kampuni. Nikiendelea "kuwatibulia wageni ziara," kuanzia tarehe mosi Agosti hawataleta mtu yeyote pangoni kwangu. Wageni wangu tisa kati ya kumi ni wao, na pango ndilo linalonilisha. Akaniuliza, sasa mama, utakula nini? Nikampa vidonge vyake. Nikamwambia hao wageni wako wapeleke baharini wakababuke, mimi hapa kilimani sibanduki.

Sasa na wewe. Usinijibu tena habari za mpiga chapa. Nina mambo mawili nataka kuyajua. Moja, uliisoma namba saba kabla ya kuitoa mkononi, au hukuisoma? La pili, siku ya mazishi mdogo wangu alishuka peke yake akaniambia umekosa nafasi, boti imejaa. Boti ile nilikuwa nimesimama gatini naitazama. Ilikuja nusu tupu.

Wifi yako

Mjini, 24 Julai

Wifi yangu mpenzi,

Shikamoo. Binti yenu mzima, amepata cheti cha kusoma. Mdogo wako ameirudisha friji ikawa inalia kuliko mwanzo.

Nakujibu.

Niliisoma. Niliisoma mara nne. Nilijua ni yangu toka neno la kwanza. Nilishika kalamu niikate. Nikaona nikiikata nitakuwa nimemkana mama mara ya pili. Nikiwa bado nimeishika kalamu, mpiga chapa akaja kuchukua karatasi, nami nikamwachia. Nilijitia hamnazo. Nilisema moyoni labda hawataiweka.

La pili ndilo zito. Boti haikujaa. Mama alipofariki nilikwenda kwa huyuhuyu meneja kuomba siku nne. Akafungua kitabu cha kanuni, akaniwekea kidole kwenye mstari. Ruhusa ya msiba ni ya mzazi, mume na mtoto. Akasema, "Mkwe hayumo." Nami, wifi, nilisema sawa. Sikubishana hata neno moja. Nilirudi mezani nikaandika tangazo la safari za wapendanao, huku mama anazikwa. Nilikuwa na miezi mitano tu kazini na niliogopa. Mama ambaye alinifulia nepi za mtoto wangu miezi miwili mizima alipokuja mjini, akinikataza hata kushika ndoo! Nilimwambia mume wangu aseme boti imejaa. Amebeba uongo wangu miaka yote hii na ndiyo maana akinitazama anakimbilia friji.

Barua yako ya tarehe mbili niliisoma ofisini, wakati wa chakula. Hapo pa "utakula nini" nikaacha sahani yangu nikatoka. Nikanunua wembe pakiti mbili.

Stoo yetu ilikuwa na nakala elfu nne na mia moja zilizobaki. Ufunguo ninao mimi. Jumatatu nikaingia, nikakaa juu ya boksi, nikaanza kukata ukurasa wa namba saba, kijitabu kimoja baada ya kingine. Jumanne hivyohivyo. Vidole vyangu vikachubuka, nikajikaza kisabuni. Yule mpiga chapa akanikuta, akaniangalia, akauliza ni ule ukurasa wa malkia? Nikamwambia si malkia, ni mama mkwe wangu. Akaketi upande wa pili akachukua wembe. Jumatano saa tisa tukafunga boksi la mwisho, likaenda uwanja wa ndege na mengine yote.

Alhamisi meneja akaniita. Kumbe nyuma ya ukurasa ule kulikuwa na picha yake mwenyewe, na salamu zake kwa wageni. Hayo mimi sikuyaangalia, wallahi. Alikuwa mwekundu macho. Akasema nisaini kwamba nimeharibu mali kwa bahati mbaya, nikisaini atanionya tu. Nikasema sikuharibu kwa bahati mbaya. Nimekata kwa makusudi, na ukichapa tena nitakata tena. Akafungua kile kitabu chake cha kanuni. Nikamwambia asijisumbue kutafuta mstari, mkwe hayumo, ninajua. Nikachukua kikombe changu nikatoka.

Kwa hiyo sina kazi. Nimeogopa miaka mitatu kupoteza kazi ile, na nilipoipoteza nilikula chakula cha jioni vizuri kuliko siku zote.

Nimekata tiketi ya boti ya tarehe tisa Agosti. Mume wangu anataka kunisindikiza, nimemkatalia, safari hii ni yangu. Sijui watu wa huko watanitazama vipi. Wote wanajua sikuja. Lakini nitapita katikati yao. Ukinifungia mlango nitakaa nje mpaka uchoke.

Wifi yako

Kisiwani, 3 Agosti

Wifi,

Barua yako imefika haraka, boti siku hizi inakwenda kama inafukuzwa. Mimi sijambo. Binti mpe hongera ya cheti, na mdogo wangu mwambie aiache hiyo friji ife kwa heshima.

Wakala ametimiza alichosema. Tangu tarehe mosi sijashusha mgeni pangoni hata mmoja. Jana nilishusha watoto wa darasa la tano bure, tukazima tochi, wakacheka mpaka popo wakahama. Nimeandika bango langu kwa mkono wangu na kulipigilia misumari njia panda ya uwanja wa ndege, mkabala na la kampuni. Ameamuru lishushwe. Nimelipandisha tena. Tutaona nani atachoka.

Kilimani hajapanda mtu siku nane sasa.

Nilitaka kukuandikia maneno makali. Nilianza, nikachana, nikaanza tena. Mstari ule wa "nikasema sawa" umeniuma na utaendelea kuniuma, sitakudanganya. Lakini umeniambia lako, na mimi nina langu.

Unasema watu wote wanajua hukuja. Hawajui kwa nini. Siku ile, mwili bado uko sebuleni, wakaanza kunong'ona. Mkwe yuko wapi? Yule aliyekuwa akipendwa hivyo, mbona hayupo? Mdogo wangu anatazama viatu vyake. Nikasimama mbele ya watu, mimi niliyewachapa wote shuleni kwa kusema uongo, nikasema umelazwa. Umepasuliwa tumbo, daktari amekataza usiinuke kitandani. Nilidanganya pembeni ya maiti ya mama yangu, kwa ajili yako, na kuanzia saa ile nikakuchukia kwa kunifanya nidanganye.

Na uongo wenyewe haukuisha. Kisiwa hiki hakisahau mgonjwa. Miaka mitatu nasimamishwa sokoni, wifi yako anaendeleaje? Nikawa natoa taarifa. Ameanza kula. Ameanza kutembea. Mwaka jana walipozidi kuuliza mbona haji kutusalimu, ikabidi nikurudishe hospitali wiki mbili. Wale mama wa karakana walikuchangia uji wa ngano, nikaunywa mimi.

Basi tarehe tisa ukishuka gatini utakuta watu wengi. Nimeshawaambia unakuja. Usishuke mbiombio, na usibebe begi mwenyewe. Watakushika mikono, watakutazama tumbo, wengine watalia. Wakikuuliza hali yako usieleze mengi. Waambie umepona.

Wifi yako